Sura ya Tisa: Vumbi la Njano

Simba alikuwa amekaa juu ya meza ya Sajini Arlena Wyaco, kati ya simu na kikombe cha kahawa, mkia umelala mgongoni, macho mawili ya feruzi yakimkodolea kana kwamba yeye ndiye mtuhumiwa. Urefu wake haukuzidi kidole cha kati. Alichongwa kwa jiwe la njano lenye mshipa mwekundu, na mgongoni alifungwa kichwa cha mshale cha gumegume kwa kano ya paa.

"Kama huyu ni bandia, huyo wa kweli anafananaje?" aliuliza Konstebo Leland Begaye. "Mimi naona simba wa mlima, basi."

"Wewe Mnavajo. Angekuwa kondoo ungemtambua hata gizani."

"Na nyinyi Wazuni mkifunga mnakuwa wakali kama nyigu," Begaye alijibu, akamega mkate wake wenye soseji.

"Kale nje."

"Nje theluji, sajini."

"Basi geukia ukutani. Tangu mfungo uanze sijaonja nyama wala mafuta, na wewe unanitafunia sikioni."

Begaye akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Alitoka kwa Wanavajo, kabila jirani la wafugaji wa kondoo, lakini alikuwa ameoa Zuni, kijiji hiki cha wenyeji wa asili wa Marekani, na ameishi hapo miaka mingi kiasi cha kutaniwa bila kununa. Arlena hakucheka. Usiku wa kuamkia leo hakulala vizuri, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Kesho jua likichomoza mfungo wa baridi ungekwisha. Moto ungewashwa tena uani, maduka yangefunguliwa, barabara ingewaruhusu wageni. Kina mama wangetoa majivu na taka zilizolala ndani ya nyumba siku zote hizi, kwa maana katika mfungo hata ganda la kitunguu halivuki kizingiti. Na asubuhi hiyohiyo wapelelezi wa serikali kuu wangefika kutoka Albuquerque kumchukua Kendrick Tsethlikai. Kuuza kitu kitakatifu nje ya kabila ni kesi yao, si ya polisi wa kijiji. Kendrick akishavuka daraja la kutokea kijijini ndani ya gari lao, Arlena hangekuwa na kauli tena. Kwa mtu mwenye rekodi ya wizi, kurudi kungekuwa majaliwa.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Simba wa kweli aliishi ndani ya mtungi nyumbani kwa mama yake Kendrick, Bibi Oneita, mkubwa wa nyumba moja ya ukoo wa Korongo. Huyo hakuwa kinyago cha kuuzia watalii. Ndiye mlinzi wa upande wa kaskazini, ambao rangi yake kwa Wazuni ni njano. Na kama kiumbe chochote chenye kazi, hulishwa. Oneita alimlisha unga tangu mama yake alipofariki. Usiku wa kuamkia mfungo alitolewa mbele ya ukoo mzima, kila mtu akamgusa, na hakuna aliyetia shaka. Siku chache baadaye Oneita aliingiza mkono mtungini, akapiga ukelele uliosikika hadi kwa jirani.

"Huyu si yeye!"

Walipomuuliza ni nani angefanya jambo kama hilo, alijibu bila kufikiri. Kendrick. Kendrick amemuuza.

Arlena alimgeuza simba wa mezani, akamwekea lenzi. Walipomleta kituoni kano ya mgongoni ilikuwa bado laini, bado ina harufu. Sasa ilikuwa imekauka na kukaza kama waya. Maana yake aliyeifunga aliifunga mfungo ukiwa umeshaanza. Kinywani mlikuwa na chembe za unga mweupe.

"Unga," alisema.

"Nimeuona jana," Begaye alijibu kutoka ukutani. "Kuna ajabu gani?"

"Ajabu ni kwamba mtu kamlisha bandia."

Begaye aliacha kutafuna.

*

Kendrick alikuwa ameketi kitandani mahabusu, sahani ya nyama na viazi ikiwa chini, haijaguswa. Alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, mrefu, mwenye vidole vyenye makovu madogo meupe ya mashine ya kusagia mawe.

"Hata humu unafunga, kaka?"

"Kufungwa ni kwenu, dada. Kufunga ni kwangu."

Arlena alivuta kiti. Walikuwa watoto wa ukoo mmoja, na hilo liliifanya kazi hii kuwa chungu. Alimweka simba kwenye ukingo wa kitanda.

"Mwangalie."

Kendrick hakumgusa mara moja. Kisha alimchukua, akamgeuza tumbo juu, akapitisha kidole gumba chini ya nyayo, akamsimamisha kwenye sakafu ya saruji, akamgonga mgongoni kwa ukucha. Simba hakutikisika hata kidogo. Kendrick alimrudisha haraka kama aliyeshika kaa la moto.

"Unamjua aliyemchonga?"

"Wachongaji hapa wengi kuliko mbwa."

"Sikukuuliza idadi."

"Basi simjui."

"Ulipomgonga ulikuwa unatafuta nini?"

"Mazoea ya mkono tu." Alitazama ukuta. "Mama amesema ni mimi?"

"Amesema."

"Basi ni mimi."

"Hilo si jibu, Kendrick. Yuko wapi simba wa kweli?"

"Sijui."

"Umemuuza, lakini hujui alipo?"

Kendrick aliisogeza sahani kwa mguu. Taya lilimcheza. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Enzi zangu za pombe nilimwibia mama bangili ya feruzi. Ya bibi yake. Niliiuza mjini Gallup, hela ikaisha kabla ya Jumapili. Unajua alilia kiasi gani? Mwaka mzima nilikuwa namsikia. Leo akisimama mbele ya watu akasema mwanangu mwizi, nina mdomo wa kumbishia?"

"Bangili uliiba. Nakuuliza simba."

"Nimeshajibu, dada."

"Kesho wanakuja kukuchukua. Wale hawakujui, hawaujui ukoo, hawatakuuliza umefunga au hujafunga."

"Najua."

Alijilaza, akafunika macho kwa mkono. Arlena alibaki ameketi kidogo, na hasira ilimpanda. Mtu asiye na hatia hupiga kelele, na mwenye hatia hudanganya. Huyu hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa anamkingia mtu kifua.

*

"Nimepata kitu," Begaye alimpokea mlangoni. "Pruitt wa Gallup. Kendrick alionekana naye kituo cha mafuta, kabla mfungo haujaanza, wakipeana kitu kilichofungwa kwenye taulo."

Pruitt alikuwa mfanyabiashara wa vito na vinyago, mzungu mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Alipokea simu mara moja.

"Sajini, mimi vitu vya mitungini sigusi," alisema kabla hajaulizwa. "Nilishaungua siku moja, inatosha. Kendrick aliniletea dubu wa kijani, wale wenye mshale kutoka mdomoni hadi moyoni. Wateja wangu wanaupenda huo mshale. Wanasema ni pumzi ya uhai."

"Dubu tu?"

Pruitt alikohoa. "Alikuwa na simba pia. Wa njano. Nikamwambia arudi naye, soko la simba limelala."

"Mpya au wa zamani?"

"Alisema mpya. Sikumshika, sajini. Nilimwona akichungulia kwenye taulo, basi."

Begaye alipiga meza kwa furaha simu ilipokatwa. "Simba wa njano! Sasa unataka nini tena? Akupigie muhuri?"

"Hiyo ni kabla ya mfungo. Wa mtungini ukoo mzima ulimshika usiku wa kuamkia mfungo."

"Kwa hiyo alimwonyesha Pruitt bandia kwanza, kupima soko. Halafu akabadilisha."

Arlena alivaa koti. Haikuwa hoja mbaya, na ndiyo maana ilimtia hofu. Wapelelezi wa Albuquerque wangeipenda sana.

*

Bibi Oneita aliwafungulia mlango akiwa na mwiko mkononi. Nyumba ilinukia maharage na mkate wa chachu. Alikuwa mdogo wa mwili, nywele nyeupe zimekatwa usawa wa nyusi, shali begani. Alimtazama Arlena, uso ukang'aa.

"Lorencita! Ingia, kuna baridi."

"Ni Arlena, bibi. Lorencita ni mama yangu."

"Najua. Si ndivyo nilivyosema? Kaeni, mnywe kahawa."

Aliwamiminia. Mezani palikuwa na mabakuli mawili, kijiko katika kila moja, na mkate uliokatwa ukafunikwa kitambaa. Pembeni, upande wa kaskazini wa chumba, mtungi ulisimama juu ya blanketi lililokunjwa, tundu lake la duara likiwa tupu na jeusi. Arlena hakuutazama kwa muda mrefu.

"Bibi, ulijuaje kwamba si yeye? Wenzako wote walimwangalia wakasema ni yeye."

"Wao walimwangalia." Oneita alinyanyua kidole gumba, kimepinda kwa uzee. "Chini ya taya ana kishimo. Amekitengeneza mama yangu, na mama yake, na wa kabla yake, kwa kumshika hapo akila. Kidole changu kinalala humo. Yule mwingine taya lake ni laini kama sabuni."

"Na kwa nini Kendrick?"

Mwiko ulisimama hewani. Uso wa bibi ulififia, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba kingine. "Kunyweni kahawa," alisema. "Nimewapa kahawa?"

"Umetupa, bibi. Asante." Arlena aliinuka. Aliwaza kwamba huzuni humvuruga mtu mzima, akajilaumu kwa kumbana. "Tunaomba kuangalia chumba chake."

Chumba cha Kendrick kilikuwa na kitanda, kabati, na dirishani benchi la kazi lenye mashine ndogo ya kusagia. Begaye alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoka na taulo. Ndani yake mlikuwa na simba wa njano.

"Haya sasa," alisema polepole.

Arlena alimpokea. Mpya kabisa, mng'ao wa mashine, mshale wa feruzi ubavuni, vile wageni wanavyopenda. Hakuna kidole kilichowahi kumshika akila. Akamweka benchini, na kwa sababu ambayo hakuijua bado, akamgonga mgongoni kwa ukucha.

Simba akayumba. Tak-tak-tak, mguu mmoja mfupi.

Alitoa mfukoni yule bandia wa kituoni, akamweka kando yake, akamgonga. Kimya. Alisimama imara kama aliyeota hapo.

"Hawa hawana baba mmoja," alisema.

"Siku moja mtu anaweza kuchonga vizuri, siku nyingine vibaya," Begaye alibisha.

"Sawa. Nipe hiyo ndoo."

"Ndoo ya taka?"

"Ndiyo. Waliofagia jioni ya mwisho kabla ya mfungo walitoa kila kitu. Tangu hapo hakuna kilichotoka nyumba yoyote ya Zuni. Chochote alichochonga Kendrick ndani ya mfungo, vumbi lake limo humu."

Begaye aliitazama ndoo kwa heshima mpya. Walitandaza gazeti, wakamimina kwa uangalifu. Maganda ya kokwa za msonobari. Karatasi ya msasa iliyochakaa. Na chini, mafungu ya vumbi la mawe, moja jeusi, moja la kijani. Arlena alilichambua kwa kisu hadi mwisho.

"Hakuna njano," alisema. "Simba wake wa njano alimchonga kabla, vumbi lile lilishatoka. Bandia hakuchongwa humu."

"Labda alilitupa nje huyo mwizi wako. Mwizi anayemwiba mlinzi wa kaskazini ataogopa kutupa taka?"

"Huyu ataogopa. Mtu aliyemfunga bandia kichwa cha mshale kwa kano halisi, akamtia unga mdomoni, akamgeuza uso anakotakiwa kutazama ndani ya mtungi! Huyo anaogopa kila kitu, Begaye. Mwizi wa kweli angeacha mtungi mtupu." Walirudisha taka ndooni hadi chembe ya mwisho. Arlena alikuwa bado anaangalia wale simba wawili, mmoja anayeyumba na mmoja asiyeyumba, akakumbuka ukucha wa Kendrick kule mahabusu. "Kendrick aligonga kuangalia kama atatikisika. Nani alimfundisha kuchonga?"

Begaye alikuwa mkwe wa mji huu, na alijua. "Mjomba wake," alisema. "Mzee Virgil."

*

Mzee Virgil, mdogo wake Oneita, aliishi peke yake tangu mkewe afariki, katika nyumba ya mawe chini ya Mlima wa Mahindi. Jua lilikuwa limeanza kuegemea. Katika mfungo taa za gari haziwashwi kijijini, kwa hiyo giza likiingia wangekuwa wamekwama hapo walipo. Arlena aliliona hilo, na mzee naye aliliona. Hakuwa na haraka ya kufungua mlango.

"Karibu, mwanangu. Na wewe Mnavajo, kung'uta viatu. Sina pa kutupia tope lako."

Karakana ilikuwa chumba cha mbele. Kwenye rafu vinyago sita vya kuuza vilipangwa, na hata vya kuuza mzee alivielekeza kila kimoja upande wake: simba wa njano kaskazini, dubu wa buluu magharibi, nyegere mwekundu kusini, mbwa mwitu mweupe mashariki, tai akitazama dari, fuko mweusi chini kabisa. Arlena alipita na kugonga mmojammoja kwa ukucha. Hakuna aliyetikisika.

"Ulikuwa mdogo hivi," Virgil alisema, akionyesha kimo cha goti, "ukija hapa kunigongea vinyago. Nilikwambia nini?"

"Kisichosimama chenyewe hakiwezi kumlinda mtu."

"Unakumbuka. Vizuri. Umekuja kunitembelea au umekuja na hiyo beji?"

"Vyote viwili, mjomba." Alimweka bandia juu ya benchi, kati ya tupa na vipande vya jiwe. "Huyu wako?"

Mzee alichukua kitambaa, akaanza kufuta mikono iliyokuwa safi. "Jiwe la njano kila mchongaji analo."

"Ni kweli. Naweza kuona sanduku lako la taka?"

Kitambaa kilisimama. Lilikuwa nyuma ya mlango, sanduku la karatasi ngumu lililojaa hadi juu. Virgil hakusema ndiyo wala hapana. Arlena alichuchumaa. Machicha ya kahawa, maganda ya viazi, kopo la majivu. Chini ya kopo palikuwa na vumbi la njano, jepesi kama poda, na ndani yake michirizi myekundu ya ule mshipa. Begaye aliona pia. Alishatoa mfuko wa vielelezo na kuufungua.

"Rudisha huo mfuko," Arlena alisema.

"Sajini, hiki ndicho kielelezo chenyewe."

"Hakitoki nje leo."

"Kesho asubuhi kitatupwa! Utawaonyesha nini wale wa Albuquerque, hewa?"

"Nimesema hakitoki." Sauti yake ilipanda kuliko alivyotaka. "Mtu huyu ameogopa kukitupa, mimi nikitoe?"

Begaye alikunja mfuko. Ulikuwa ukweli mchungu, na wote watatu waliujua: alichokuwa amekishika Arlena kingetoka alfajiri pamoja na majivu ya kijiji kizima. Kilichobaki ni mdomo wa mzee.

"Mjomba, yuko wapi?"

"Wewe ukoo gani?"

"Unajua. Korongo."

"Basi nisikilize kama mjomba wako. Acha. Hili la nyumbani, litaisha kinyumbani."

"Nikiacha, kesho Kendrick anavuka daraja."

"Watamwachia. Hawana kitu juu yake."

"Wana shahidi."

"Shahidi gani? Nani amemwona akichukua kitu ambacho hakuchukua?"

"Mama yake."

Virgil aligeuka. Arlena alimtazama usoni, akaona jambo alilokuwa hajalifikiria hata mara moja: mzee hakujua. Alikuwa amejifungia ndani ya mfungo wake, akasikia tu kwamba polisi wamemshika Kendrick kwa sababu ya rekodi yake.

"Oneita?" aliuliza. "Oneita amemtaja mwanawe?"

"Mbele ya watu wote. Na Kendrick amekubali. Nilipompa huyu bandia, alimgonga, akajua ni mkono wako. Hajakutaja. Mama kasema, mjomba kafanya, basi yeye ameamua kuubeba mzigo wenu wote wawili. Hali, hasemi, analala ameziba macho." Alisogea karibu. "Ndivyo ulivyomfundisha, mjomba. Anasimama mwenyewe. Lakini wewe unamwacha?"

Mzee aliketi juu ya kigoda.

"Utando wa buibui," alisema.

"Utando gani?"

"Usiku ule wa kumtoa, mimi ndiye niliyeunyanyua mtungi. Kwenye tundu, pale anapolishiwa, buibui ametanda. Unaelewa? Utando mzima, na vumbi juu yake. Niliupangusa kwa mkono wa shati kabla hawajaleta taa. Kinywa chake kilikuwa kikavu kama jiwe la barabarani. Alikuwa na njaa, Arlena. Sijui ya muda gani. Dada yangu anasahau."

Arlena aliona tena mabakuli mawili, kahawa iliyotolewa na kuulizwa, jina la mama yake. Haya ilimpanda hadi masikioni. Alikuwa amehoji watu miaka yote ya kazi yake, na hilo lilimpita mbele ya macho.

"Ungemwambia."

"Nimwambie nini? Ukoo ungekaa. Wangesema kwa adabu, bibi, umechoka, tumpeleke simba nyumba nyingine. Naye angebaki anatazama blanketi lisilo na mtungi. Angekufa kabla ya kupanda mahindi." Alijipangusa pua kwa kitambaa cha kazi. "Nikasema, nimchukue nimlishe mimi, nimwachie wa kumliwaza. Dada yangu siku hizi hata mimi ananiita jina la baba. Nilijua hatatambua."

"Kichwa ndicho kinachosahau," Arlena alisema. "Kidole hakijasahau. Chini ya taya, mjomba. Ulimchonga taya laini."

Virgil alimtazama bandia kwa muda mrefu. Miaka hamsini ya kuchonga, na kishimo hicho hakukijua, kwa sababu kumlisha hakukuwa kazi yake. Aliinuka, akaenda pembe ya kaskazini, akapiga magoti mbele ya chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa.

Alipomnyanyua simba wa kweli, hata Begaye alivua kofia.

*

Walifika kwa Oneita jua likiwa limebakiza upana wa kiganja juu ya milima. Begaye aliwashusha, akageuza gari kwenda kituoni kumleta Kendrick, kwa mwendo ambao siku nyingine angemwandikia mtu faini.

Bibi alikuwa mezani. Virgil alisimama mbele yake, asijue pa kuanzia, kisha akanyoosha tu mkono. Oneita alimpokea simba bila kumtazama. Kidole gumba kilitafuta chini ya taya, kikateleza, kikalala.

"Huyu hapa," alisema. "Huyu hapa, huyu hapa." Alimweka puani, akanusa. Akakunja uso. "Ameshiba. Nani amemlisha?"

Mzee angeweza kusema neno moja tu la uongo na lingekubaliwa.

"Mimi, dada."

"Kwa nini wewe?"

Machozi yalimtoka Virgil waziwazi, mwanamume mzima mbele ya polisi. Oneita alimwangalia hivyo, na polepole akaelewa, na kuelewa kwake kulikuwa kugumu kutazama.

"Nilikuwa nasahau," alisema.

"Kidogo, dada."

"Si kidogo. Usiku ninaamka namuuliza mtungi, nimekulisha, sijakulisha? Nawaficha. Na wewe kumbe unanificha mimi." Alimpiga ndugu yake kofi dogo la begani, la hasira ya kweli. "Ungeniambia ningelia siku moja, ikaisha! Kuanzia kesho unakuja hapa kila asubuhi. Tunamlisha wawili. Mimi nikisahau, wewe upo. Nawe ukifa kwanza, utanijua."

"Nitakuja."

Alikwenda mwenyewe kumrudisha mtungini, akamwelekeza uso, akampa chembe za unga. Arlena alisubiri amalize. Sasa ndipo palipobaki penye miiba. Ilimbidi apate neno moja tu, kwamba bibi ameondoa shutuma, alipeleke Albuquerque kabla wapelelezi hawajaanza safari. Alikuwa anatafuta namna ya kulianza pale Oneita alipogeuka, akatazama bakuli la pili, kisha dirisha lililokuwa likipoteza mwanga.

"Na huyu Kendrick mbona hajaja kula?" aliuliza. "Jua linazama. Nimemwekea tangu asubuhi."

Arlena alijua kwamba shutuma imefutika yenyewe, na hilo ndilo neno atakalolipeleka Albuquerque. Virgil alitazama sakafu. Arlena alihesabu siku ambazo bakuli lile lilikuwa likitengwa mezani na kuondolewa bila kuguswa.

Nje mlango wa gari ulifungwa. Kizingitini walisikia mtu aking'uta theluji viatuni, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kendrick aliingia, Begaye nyuma yake. Alimwona mjomba na macho yake mekundu. Aliuona mtungi. Kisha akamwona mama yake akija na mwiko, ameudhika.

"Ulikuwa wapi wewe? Mtu mzima huna saa! Chakula kimepoa."

Kendrick alimtazama Arlena. Arlena alitikisa kichwa kidogo sana: hakumbuki kwamba alikutaja. Akaona neno hilo likimwingia yule mtu, likipita mahali pote lilipoweza kuumiza, hadi lilipotulia.

"Nisamehe, mama," alisema, akivuta kiti. "Nilichelewa."